Walivyomkaribisha Mke Wangu

Siku ya gulio, ukisimama mbele ya duka la Mkinga pale kijijini kwetu, upande wa Mapera, wilayani Mbinga, utasikia Kiswahili cha nchi nzima. Muuguzi wa zahanati ni Mhaya, na hata akiomba chumvi utadhani anahutubia mkutano. Yuko Msukuma aliyefuata malisho akasahau kurudi. Wapo madereva wa magari ya makaa ya mawe, wapo walimu, maafisa ugani, mafundi wa minara ya simu, na mama lishe kutoka Songea ambaye chapati zake ndizo zilizonipa kitambi hiki. Wenyeji wetu Wamatengo wanatuita watu wa kuja. Hawasemi kwa ubaya. Tulikuja kweli.

Nilipopangiwa kazi hapa, watu wa kuja tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kilikuwa likizo ya uzazi. Sasa tumejaa. Wakati wa mapumziko nawaona watoto wa Kinyakyusa na wa Kichaga wakigombana kwa Kimatengo kilichonyooka, na mimi mwalimu wa zamu, ambaye kazi yangu ni kuwakemea waseme Kiswahili, nasimama nikitabasamu kama mjinga. Nyumba za kupanga zimeota kila kona, za matofali ya kuchoma na bati, chache zina dari, nyingi hazina. Wako walimu vijana wanaolala wawili wawili chumba kimoja, na bomba la maji ya mserereko likiziba huko mlimani sote tunakuwa ndugu wa ndoo. Sisemi kwamba maisha ni mteremko. Ila nina ugomvi na watumishi wapya wanaoshuka kwenye gari wakiwa wameshanuna, kabla hata hawajasalimiwa. Nikiwaona hivyo natamani kuwaketisha chini niwasimulie habari ya mke wangu.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mwalimu wa hesabu na fizikia. Kwetu ardhi ni nyekundu na kavu, na mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Huku nilikuta mvua inayonyesha kama ina hasira na mtu, na baridi ya mwezi wa saba inayokufanya uvae soksi mkononi. Mke wangu alibaki Kondoa na binti yetu mchanga. Alikuwa na cherehani yake barazani kwa mama yake, wateja wake, dada zake. Aliniambia kwenye simu, bila kupandisha sauti, kwamba hawezi kumlea mtoto mahali asipomjua hata mtu mmoja, kwenye baridi, katikati ya mabanda ya nguruwe. Niombe uhamisho, akasema, au nizoee kuwa mume wa kwenye simu. Uhamisho niliomba, sikujibiwa. Kila nilipokata simu nilihisi ndoa yangu inasogea mbali kidogo kama mtumbwi uliofungwa vibaya, na sikuwa na la kufanya.

Aliyenishika mkono miaka hiyo ni mama mwenye nyumba wangu. Ni mjane, mkulima wa kahawa, Mkatoliki wa kuamka misa ya kwanza, na mfugaji wa nguruwe. Siku niliyohamia alinionyesha chumba, choo na kuni, kisha akaingia jikoni akatoka na sufuria iliyosuguliwa kwa majivu mpaka ikawa kioo.

"Mwalimu, hii ni yako," akasema. "Na mwiko wake ni huu. Nimeitundika msumari wake peke yake. Nyama yetu ile haijawahi kuingia humu na haitaingia. Usiwe unakula kwa wasiwasi."

Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa nimekuja na mkate na maziwa ya kopo, nimejipanga kuishi kwa vitu hivyo mpaka nipate jiko langu. Wajukuu zake waliigusa ile sufuria mara moja tu, na walivyokemewa nadhani hadi leo wakiiona wanapita mbali. Namshukuru yule mama kwa mengi, lakini kwa sufuria ile namshukuru kwa namna ya peke yake.

Kisha likaja suala la kuchinja. Wenyeji wetu wakiwa na sherehe, iwe harusi, iwe Komunyo ya Kwanza, iwe kujengea kaburi, hualika watu wote bila kuuliza dini, na desturi yao ni kwamba mbuzi au ng'ombe wa sherehe achinjwe na Mwislamu, asije akatokea mgeni wa kurudi kwake na njaa. Zamani walilazimika kumfuata mfanyabiashara mmoja mzee Mbinga mjini, na mara nyingine alichelewa mpaka kwaya ikaishiwa nyimbo. Sasa Mwislamu amepangiwa kazi kijijini, tena analipwa na serikali! Furaha yao haikuwa na mfano. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Ukweli ni kwamba kwetu kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, mimi nilikuwa wa kushika bakuli na kutazama pembeni.

Nilimpigia baba simu anielekeze. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alinielekeza vizuri, kisu kiweje, kibla nikipateje, niseme nini, na Jumamosi yake nikasimama mbele ya mbuzi wa harusi, umati umetulia kama wakati wa mageuzo ya misa. Nilitaja jina la Mwenyezi Mungu, nikainua kisu.

"Mwalimu," mama mwenye nyumba akaninong'oneza kutoka nyuma, "fumbua macho. Utajikata."

Nikafumbua, nikachinja. Tangu hapo nikawa mchinjaji wa kijiji na vitongoji vyake. Nilialikwa hadi Ukata, na safari moja nilishushwa hadi Lundo, kule ziwani, kwa harusi ya binti aliyeolewa na mvuvi, nikarudi na ndoo ya usipa, wale dagaa wa Nyasa, na dua za watu ambao sikuwajua. Nilikuwa napata mwaliko mwingi kuliko mwenyekiti wa kijiji. Nilikula vizuri, nilichekwa vizuri, na jioni nilirudi chumbani kwangu peke yangu.

Mwaka uliofuata, likizo ya Desemba, mke wangu akakubali kuja. Kuja kutazama tu, alisema. Binti yetu alikuwa ameanza kutembea. Niliwapokea stendi ya Mbinga mvua ikinyesha, tukapanda gari la kijijini, na njia nzima mke wangu alitazama ile milima iliyochorwa mashimo ya ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo yanayoshika maji yasiporomoke na udongo, akauliza swali moja tu: "Hapa hakuna mahali tambarare?" Nikasema hapana.

Alijitahidi, sitamsingizia. Alisalimia wazee, alikwenda bombani, alikubali viazi na ndizi alizoletewa. Lakini alikuwa amejifunga kama mtu anayesubiri gari. Tope lilimshinda, moshi wa kuni mbichi ulimliza, mtoto akaanza kukohoa. Njia ya kwenda chooni ilipita kando ya banda la nguruwe, naye aliipita amejitanda khanga hadi puani. Wanawake walipokuja kuzungumza, kati yao walizungumza Kimatengo kwa mazoea tu, na yeye akabaki akichambua maharage na kutabasamu. Siku moja, akiwa anakunja nguo za mtoto, akaniambia:

"Shule zikifunguliwa, sisi tunarudi. Sina ugomvi na mtu. Watu wako ni wema. Lakini wema wao ni wa kwako, wewe ndiye wanayekujua."

Sikubishana. Nilimwambia sawa, nikatoka nje nikajifanya natazama bati kama linavuja. Lilikuwa linavuja, lakini sikulitokea hilo.

Nadhani kijiji kilijua. Nyumba zetu hazina dari, na maneno yanapita juu. Wana jumuiya wa mtaa wetu, wale Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, wakakutana bila kutushirikisha, wala mama mwenye nyumba hawakumshirikisha, kwa kuwa walitaka na yeye ashangae. Wakaamua kumkaribisha mke wa mwalimu rasmi, kwa heshima ya juu kabisa wanayoijua.

Walikuja mchana, mama mwenye nyumba akiwa shambani anapanda mahindi. Kwanza nilisikia vigelegele, kisha wimbo, kisha sauti nyingine ambayo haikuwa ya binadamu. Nikafungua mlango. Mbele alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mzee mrefu mwenye koti la suti na mabuti ya mvua. Nyuma yake wanawake kwa wanaume na mwavuli mmoja. Na chini ya mwavuli, badala ya mtu, alikuwepo nguruwe. Sijapata kuona nguruwe mkubwa namna ile. Alikuwa ameogeshwa kwa sabuni ya unga, ameng'aa, anavutwa kwa kamba mpya ya katani.

"Tumsifu Yesu Kristo," mwenyekiti akasema kwa mazoea, kisha akakumbuka. "Yaani, hamjambo hapa."

"Shikamoo baba," nikasema.

Akasafisha koo. "Mwalimu, umetuchinjia harusi zetu, umetuchinjia misiba yetu. Sasa mama amekuja, na sisi hatujampa hata supu. Tukakaa, tukasema mgeni hapewi kidogo. Tunajua nyama hii hamli. Lakini tuliulizana: hata mbuzi wetu hamumli tukimchinja sisi. Akichinja mwalimu, mnakula. Kumbe shida ni kisu. Basi tumemleta akiwa mzima." Akaninyooshea kamba. "Mchinje mwenyewe, kwa utaratibu wenu, ili mama ale kwa amani."

Wakapiga makofi. Kamba ikawa mkononi mwangu, na nguruwe akanitazama kama mtu aliyepelekwa kwa fundi asiyemwamini. Nilijua hawakuwa wakinitania. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hoja ile ilibishaniwa jioni nzima. Nusu yao waliikataa, lakini alikuwepo mmoja, katekista mstaafu mwenye kipaji cha kujenga hoja, aliyewashinda wote kwa mfano wa mbuzi. Hata mimi mwalimu wa fizikia nakiri hoja ilikuwa na mpangilio.

Hofu yangu ilikuwa nyuma yangu. Nilisikia kandambili za mke wangu zikija, nikasema moyoni, sasa ndiyo imekwisha. Mwanamke aliyepita banda akiwa ameziba pua ameletewa lenyewe mlangoni na wimbo juu. Akasimama kando yangu, mtoto kiunoni. Akamtazama nguruwe, akautazama mwavuli, akamtazama mwenyekiti na koti lake la suti lililolowa. Akajiziba uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika.

Nilidhani analia. Watu nao walidhani analia, kigelegele kikakatika katikati. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, mtoto naye akacheka kwa sababu mama yake anacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kikoje. Nikasikia machozi yananilenga, nikiwa nimeshika kamba ya nguruwe.

Alipotulia akainuka, akapiga goti kidogo mbele ya mwenyekiti kama anavyowapigia wazee wa kwao.

"Shikamoo baba. Tumeshukuru sana, tumepokea," akasema. "Ila huyu, baba, kwetu hata achinjwe na sheikh, haliwi."

Mwenyekiti akauliza, "Hata akichinjwa na mwalimu?"

"Hata na baba yake mwalimu."

Mwenyekiti akageuka polepole kumtazama katekista mstaafu. Yule mzee akaanza kukagua mabuti yake. Nimeona watu wakiona aibu, lakini aibu ya siku ile ilikuwa ya kuumiza. Mama mmoja alishika kichwa, mwingine akaanza kuomba radhi kwa Kimatengo, na mwenyekiti alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, mvua inamnyeshea kipara.

"Tumekutukana mlangoni kwako," akamwambia mke wangu.

"Mmenitukana wapi?" akajibu. "Mnanyeshewa. Ingieni ndani mnywe chai."

Ndio watu wa kwanza aliowaalika ndani tangu afike. Wakaingia, wakabanana kwenye chumba chetu na sebule isiyo na viti, nguruwe akafungwa kwenye mparachichi. Mke wangu akachemsha chai ya tangawizi na maziwa, akawapa vikombe vyote tulivyokuwa navyo na bakuli vilipokwisha, akawa anawauliza majina ya watoto wao mmoja mmoja. Mama mwenye nyumba alirudi kutoka shambani, tope magotini, jembe begani, akamkuta nguruwe wa mwenyekiti uani na jumuiya nzima sebuleni kwa wapangaji wake. Alipoelezwa aliwafokea kwa Kimatengo kwa kasi ambayo hata radio haina. Walikunywa chai wameinamisha vichwa. Kisha wakaondoka na mnyama wao, bila wimbo.

Jioni mke wangu aliniuliza, "Yule nguruwe alikuwa wa nani?"

Nikamwambia alikuwa wa mwenyekiti, amemnenepesha kwa ajili ya Komunyo ya mjukuu wake. Wengine walichanga mchele na mafuta.

"Na wangempa nini huyo mtoto siku yake?"

"Sijui. Labda wasingempa kitu."

Alimpaka mtoto mafuta mgongoni akamlaza, na nguo zilizokunjwa zilikuwa palepale juu ya begi. Niliziona. Nilijiambia kwamba amecheka, ameheshimu wazee, ataondoka na kumbukumbu nzuri, na hilo lingenitosha kwa mwaka mzima wa simu. Halikunitosha hata dakika moja, lakini nilijiambia hivyo.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mama mmoja wa jumuiya, amebeba jogoo aliyefungwa miguu. Akamkabidhi mke wangu, akasema, "Huyu sina shaka naye," akaondoka kabla hatujamshukuru. Tukiwa bado tunamtazama jogoo, akaja wa pili na tetea. Kisha wa tatu. Katekista mstaafu alileta wawili na hakututazama usoni. Mwenyekiti alikuja wa mwisho, bila koti, na kuku mwekundu mnene kwapani. Hawakuwa wamepanga, kila mmoja, nilikuja kujua, alidhani yeye ndiye peke yake aliyeamka na wazo hilo. Ua ukajaa kuku wa kila rangi wamelala ubavu, wanafumba na kufumbua macho.

Mama mwenye nyumba alitoka, akatazama, akasema kwa Kiswahili ili mke wangu asikie, "Angalau leo wametumia akili," akaenda kuinjika maji ya kunyonyolea. Nikanoa kisu. Hatukuwa na njia nyingine. Kuku wale wote tungewaweka wapi, na sisi tunabaki na siku chache tu za likizo? Nilipanga tuwachinje, tupike, tuwaite wote waliowaleta. Mke wangu akakunja mikono ya gauni akaja kunishikia. Alikuwa akishika mabawa na miguu kwa pamoja, imara, kama mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo, na kila nilipofumba macho alinikanyaga kidole.

Jogoo walikwisha. Nikamnyooshea mkono tetea wa kwanza, mke wangu akamvuta kwake.

"Huyu muache."

"Kwa nini?"

Akampapasa tumbo. "Anakaribia kutaga." Akamweka nyuma yake, akamfungua kamba miguuni. Nikamgusa mwingine, akatikisa kichwa. Na yule mwekundu wa mwenyekiti akamfungua bila hata kungoja nimguse. Tetea wakasimama, wakajikung'uta, wakaanza kuchakura majivu ya jana.

"Kuku wa watu hawaliwi tu hivi hivi," akasema, bado anatazama kuku, si mimi. "Watage, waatamie, watotoe. Vifaranga vikikua, kila nyumba iliyotuletea kuku tunairudishia mmoja. Nitawapelekea mwenyewe, nimeshajua majina ya watoto wao."

Nilisimama na kisu mkononi nikipiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu: kutaga, kuatamia, kutotoa, kifaranga kukua mpaka kufaa kupewa mtu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Mbona unanitazama?" akauliza. "Tafuta mbao. Leo watalala wapi?"